Nani Alipe Shehena Ikizama? Historia ya Dhima ya Mchukuzi Majini Nchini Uganda kwa Mtazamo wa Nakasero, 1902–2021

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya dhima ya mchukuzi wa shehena majini nchini Uganda, tangu sheria za Kiingereza zilipopokewa mwaka 1902 hadi Bunge lilipotunga sheria mpya ya usafiri wa majini mwaka 2021. Kiini cha uchunguzi ni ajali ya vivuko vya mabehewa MV Kabalega na MV Kaawa iliyotokea mwaka 2005. Hoja inayojengwa ni kwamba udhaifu wa sheria za zamani haukutokana hasa na umri wake. Sheria iliyorithiwa ilikuwa na uwezo wa kuamua nani mwenye kosa. Kilichokosekana ni mchunguzi huru wa ajali, bima ya dhima, kipimo cha fidia kilichoafikiwa na mahakama inayofikika. Mambo hayo yalikosekana kwa kuwa sheria zilitungwa katika zama ambazo reli, meli na gati vilikuwa mali ya mwenyewe mmoja, yaani dola. Mwenyewe huyo alipogawanyika, hasara ilianza kumwangukia mwenye shehena.

1. Utangulizi

Kilima cha Nakasero, katikati ya jiji la Kampala, kiko mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita elfu moja za reli. Hata Ziwa Viktoria halifikiki kutoka hapo ila kwa kuteremka hadi Port Bell, Luzira. Pamoja na hayo, karatasi za shehena nyingi zinazovuka maji kuja Uganda huishia kilimani hapo au kandokando yake. Makao makuu ya Shirika la Reli la Uganda yako Barabara ya Nasser, miongoni mwa maduka ya wapiga chapa. Bunge, Mahakama Kuu na Divisheni yake ya Biashara iliyoanzishwa mwaka 1996, ofisi za mawakili, za makampuni ya bima na za mawakala wa meli, zote ziko mwendo mfupi kutoka hapo. Nakasero basi ni bandari ya makaratasi. Meli haziifikii, lakini hasara zake huhesabiwa hapo.

Tarehe 8 Mei 2005 vivuko viwili vya mabehewa, MV Kabalega na MV Kaawa, viligongana katika Ziwa Viktoria, kusini-mashariki mwa visiwa vya Ssese. Kabalega ilikuwa imebeba chakula cha msaada cha Mpango wa Chakula Duniani. Ilizama pamoja na shehena yake. Kaawa iliharibika lakini haikuzama. Vivuko vyote viwili vilikuwa mali ya Shirika la Reli la Uganda.

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloifanya ajali hii iwe ya pekee kwa mwanahistoria wa sheria. Meli mbili za wenyewe wawili zinapogongana, kila mmoja humtazama mwenzake na kumdai. Meli mbili za mwenyewe mmoja zinapogongana, mdai na mdaiwa ni mtu yule yule, na macho yote humgeukia mtu wa tatu ambaye hakuwa na usukani wala rada: mwenye shehena. Ili kuelewa nafasi yake mbele ya sheria, ni lazima kurudi nyuma takriban karne moja.

2. Maji ya mwenyewe mmoja, 1900–1977

Usafiri wa kisasa wa meli katika Ziwa Viktoria ulizaliwa ukiwa mtoto wa reli. Meli ya mvuke William Mackinnon iliteremshwa majini mwaka 1900, na mwaka uliofuata Reli ya Uganda ikafika ziwani, mahali panapoitwa leo Kisumu. Kwa miaka thelathini iliyofuata hapakuwa na njia nyingine ya reli kuelekea Kampala. Treni ziliufikia mji huo kwa njia kuu mwaka 1931. Kabla ya hapo pamba ya Buganda na Busoga ilipakiwa melini, ikavushwa ziwa, ikahamishiwa mabehewani Kisumu, kisha ikateremka hadi Mombasa. Port Bell, iliyopewa jina la Gavana Hesketh Bell, ilijengwa kwa ajili ya mzunguko huo.

Katika mfumo huo mchukuzi alikuwa mmoja tangu gati la Port Bell hadi gati la Mombasa. Alikuwa na meli, mabehewa, maghala, makarani na hata nauli zilizochapishwa katika daftari moja. Mwaka 1948 reli na bandari za nchi za Afrika Mashariki ziliunganishwa chini ya utawala mmoja, na hata baada ya uhuru huduma hizo ziliendelea kuwa za pamoja. Katika miaka ya 1960 vivuko vya mabehewa Umoja na Uhuru vilianza kazi, na behewa likaweza kupanda kivuko Mwanza na kushuka Port Bell bila gunia hata moja kufunguliwa.

Sheria za majini za Uganda zilitungwa ndani ya hali hiyo. Sheria ya Usajili wa Vyombo na Sheria ya Vivuko zilitoka katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Sheria ya Udhibiti wa Usafiri wa Majini ya Ndani ilifuata kabla ya Vita Kuu ya Pili. Zote tatu zilikuwa sheria za utawala. Zilimwambia ofisa wa serikali chombo gani kiandikishwe, nani apewe leseni na nani azuiwe. Hazikuunda mamlaka huru ya kuchunguza ajali za meli za serikali yenyewe, wala hazikusimamisha mfumo wa bima ya dhima. Hilo halikuwa sahau ya mtungaji. Dola haikuona haja ya kujikagua, na hazina yake ilidhaniwa kuwa bima ya kutosha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mgawanyo wa mali zake ulikamilishwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Umoja na Victoria zilibaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Uganda, nchi iliyoutegemea zaidi uvukaji huo, ilibaki bila kivuko cha mabehewa. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliponunua vivuko vyake vitatu kutoka Ubelgiji: Kabalega, Pamba na Kaawa, kila kimoja kikiweza kubeba takriban mabehewa ishirini.

Vyombo vilikuwa vipya, ilhali sheria zilibaki zile zile. Tena safari iliyokuwa ya mchukuzi mmoja sasa ilikuwa na wachukuzi watatu: reli ya Kenya au ya Tanzania, kivuko cha Uganda, na bandari ya nchi nyingine. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika sheria ya uchukuzi chombo chaweza kufika salama, lakini lawama ndiyo inayokwenda mrama, kwa kuwa kila nahodha ana mwenzake wa kumnyooshea kidole.

3. Urithi wa tarehe 11 Agosti 1902

Amri ya Mfalme kuhusu Uganda ya mwaka 1902 iliagiza kwamba mahali ambapo hapakuwa na sheria ya eneo, mahakama zingefuata sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 11 Agosti 1902. Kenya ilikuwa na tarehe yake, 12 Agosti 1897, na Tanganyika yake, 22 Julai 1920. Baada ya uhuru misingi ya hukumu za majaji wa Kiingereza iliendelea kuwa sehemu ya sheria ya Uganda. Kwa hiyo swali la Kabalega na Kaawa laweza kupimwa kwa mizani ya karne ya 19, na inashangaza jinsi mizani hiyo inavyolifaa.

Mwaka 1877 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua shauri la Simpson dhidi ya Thomson. Mfanyabiashara Burrell alikuwa na meli mbili zilizogongana, na moja ikazama. Makampuni ya bima yaliyoilipia meli iliyozama yalitaka kudai fidia kwa ajili ya kosa la meli ya pili. Baraza lilikataa. Mwenye bima husimama katika viatu vya aliyemkatia bima, na kwa kuwa Burrell hakuweza kujishtaki mwenyewe, mwenye bima wake naye hakuwa na wa kumshtaki. Kwa kipimo hicho, hasara ya kivuko cha Kabalega chenyewe isingeweza kuwa mgogoro wa kisheria kati ya meli na meli. Ilikuwa hasara ya mwenyewe.

Mwenye shehena lakini si mwenye meli, na hoja yake ilijibiwa miaka sita baadaye. Mwaka 1883 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri kati ya Benki ya Chartered Mercantile ya India na kampuni ya meli ya Netherlands India. Meli mbili za kampuni hiyo, Crown Prince na Atjeh, ziligongana kwa uzembe wa mabaharia wa Atjeh, na shehena iliyokuwa ndani ya Crown Prince ikapotea. Kampuni ilijikinga kwa kifungu cha mkataba kilichoiondolea dhima ya makosa ya nahodha na mabaharia. Mahakama ilisema kifungu hicho kilihusu mabaharia wa meli iliyobeba shehena. Hakikuwahusu mabaharia wa meli nyingine, hata kama mwenye meli zote mbili ni mmoja. Mwenye shehena akapewa haki ya kudai.

Hukumu hizo mbili zinaonyesha kwamba sheria kuukuu haikuwa bubu. Jaji wa Kampala mwaka 2005 angeweza kuzisoma pamoja na kupata njia iliyonyooka: kivuko kwa kivuko hakuna madai, shehena dhidi ya mwenye vivuko, madai yapo endapo itathibitika kwamba usukani wa Kaawa ulikosea. Lakini maneno “endapo itathibitika” yana uzito. Kuthibitisha kosa la baharia kunahitaji kumbukumbu za safari, ramani, ukaguzi wa mitambo na ushahidi wa waliokuwa zamu. Pasipokuwa na chombo huru kilichopewa na sheria mamlaka ya kukusanya ushahidi huo, anayeushika ni mwenye meli, naye ndiye mdaiwa. Haki iliyoandikwa na majaji wa London ilifika Nakasero ikiwa kamili vitabuni, bila mikono ya kuitekeleza.

4. Kutoka Hague hadi Hamburg

Upande wa bahari kuu historia ilikwenda kwa njia nyingine. Wenye meli wa karne ya 19 walizoea kujaza hati za shehena kwa vifungu vya kujivua dhima ya kila jambo. Marekani ilijaribu kuwadhibiti kwa Sheria ya Harter ya mwaka 1893, na mfano wake ukazaa mkataba uliotiwa saini Brussels tarehe 25 Agosti 1924, unaojulikana kama Kanuni za Hague. Kanuni hizo zilikuwa mapatano. Mchukuzi alilazimika kujitahidi ipasavyo ili meli iwe imara kabla ya kung'oa nanga. Kwa upande wake alipewa kinga kubwa: hakuwajibika kwa hasara iliyotokana na kosa la nahodha au mabaharia katika uendeshaji wa meli. Dhima yake ilikomea pauni 100 kwa kila kifurushi, na mwenye shehena aliyechelewa zaidi ya mwaka mmoja kufungua shauri alipoteza haki yake.

Makoloni ya Uingereza yaliziingiza kanuni hizo katika sheria zao. Kenya ilifanya hivyo mwaka 1926. Sheria hiyo, kama mama yake ya Kiingereza, ilihusu shehena zinazotoka katika bandari za nchi. Pamba na kahawa ya Uganda iliyopakiwa Mombasa ilikuwa chini yake. Nguo, mashine na dawa zilizoingia zilibaki chini ya maneno ya hati ya shehena, na mara nyingi maneno hayo yalimwelekeza mdai kwenye mahakama za ng'ambo. Kwa mlipaji aliyeko Kampala hiyo ilikuwa sheria ya mlango mmoja: ilimtazama mteja wa Ulaya anayepokea pamba, ikampa kisogo mnunuzi wa Kampala anayepokea mashine.

Nchi zenye shehena nyingi na meli chache zilidai mabadiliko katika majukwaa ya Umoja wa Mataifa, na mwezi Machi 1978 mkutano uliofanyika Hamburg ukapitisha mkataba mpya. Kanuni za Hamburg ziliondoa kinga ya kosa la uendeshaji. Shehena ikipotea mikononi mwa mchukuzi, yeye ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba alichukua hatua zote zilizostahili. Kikomo cha fidia kilipandishwa hadi vipimo 835 vya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kifurushi, au vipimo 2.5 kwa kilo, kwa kufuata kilicho kikubwa. Muda wa kushtaki ukawa miaka miwili.

Uganda ilijiunga na mkataba huo tarehe 6 Julai 1979. Tarehe hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Utawala wa Idi Amin ulikuwa umeanguka mwezi Aprili mwaka huo. Serikali ya Yusuf Lule ilikuwa imeondolewa mwezi Juni, na Godfrey Binaisa alikuwa madarakani kwa majuma machache tu. Katika kipindi hicho cha misukosuko, nchi isiyo na pwani ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa duniani kuukubali mkataba huo wa bahari. Tanzania ilifuata tarehe 24 Julai mwaka huo huo, na Kenya tarehe 31 Julai 1989. Mkataba ulianza kutumika tarehe 1 Novemba 1992.

Methali husema asiyekuwapo na lake halipo. Uganda ilikuwapo mapema kuliko wengi, lakini lake halikupatikana kwa urahisi, kwa sababu tatu. Kwanza, mkataba wa kimataifa katika mfumo wa sheria wa Uganda hauwi sheria ya kuamulia mashauri ya watu binafsi kwa saini peke yake. Unahitaji kuingizwa na Bunge. Pili, mkataba huo unahusu uchukuzi wa baharini, na Ziwa Viktoria, kwa upana wake wote, si bahari. Tatu, unaorodhesha mahali ambapo mdai anaweza kufungua shauri: makao ya mchukuzi, bandari ya kupakia, bandari ya kushushia, mahali palipotajwa katika mkataba, au mahali mkataba ulipofungwa ikiwa mchukuzi ana ofisi au wakala hapo. Kampala si bandari ya kupakia wala ya kushushia. Mlango pekee unaoielekea Nakasero ni ule wa mwisho: mkataba uwe umefungwa kwa wakala aliyeko Kampala. Mahali karatasi ilipotiwa saini panaweza hivyo kuamua kama mdai atavuka barabara kwenda mahakamani au atavuka mpaka.

5. Shehena moja, sheria nne

Ichukuliwe mfano wa kontena la vipuri lililopakiwa Jebel Ali na kuagizwa na muuza duka wa Kampala. Linasafiri baharini hadi Mombasa, kwa reli hadi Kisumu, kwa kivuko hadi Port Bell, na kwa lori hadi ghalani. Likifunguliwa na kukutwa maji yameingia, swali la kwanza si “kiasi gani?” bali “wapi?”. Maji ya chumvi yaelekeza kidole kwa meli. Maji matamu yaweza kuwa ya ziwa, yaweza kuwa ya mvua iliyonyesha uani mwa bandari. Kila hatua ina sheria yake, kikomo chake cha fidia na muda wake wa kutoa taarifa. Anayeshindwa kuonyesha hatua ambapo hasara ilitokea huenda akawa na haki dhidi ya wote kwa maneno, na dhidi ya yeyote kwa vitendo asiwe nayo.

Hata hesabu ya vifurushi ina mtego. Kontena lenye katoni mia tano ni kifurushi kimoja au mia tano? Kanuni za Hague ziliandikwa kabla ya makontena kuwapo na hazikutoa jibu. Kanuni za Hamburg zinasema katoni zikiorodheshwa katika hati ya shehena, kila moja huhesabiwa peke yake. Mstari mmoja ulioandikwa na karani, au ulioachwa, unabeba tofauti ya mara mia tano.

Njia ya kikanda nayo ilijaribiwa. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilikata barabara na reli kutoka Mombasa, na bidhaa za nchi za bara zikakwama. Kampuni ya Modern Holdings ilifungua shauri mwaka 2008 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki dhidi ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, ikidai fidia ya hasara iliyoipata. Mwaka 2009 Mahakama iliamua kwamba haikuwa na mamlaka ya kulisikiliza, kwa kuwa bandari hiyo si taasisi ya Jumuiya. Kisheria uamuzi huo unaeleweka. Kihistoria unaumiza, kwa sababu hadi mwaka 1977 bandari ya Mombasa ilikuwa chini ya shirika la Jumuiya. Mlango uliofungwa mwaka 2009 ulikuwa umeanza kufungwa zaidi ya miaka thelathini kabla.

6. Kutoka Kabalega hadi sheria ya 2021

Mataifa matatu ya ziwa hayakukaa kimya. Mwaka 2002 Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini mkataba wa pamoja kuhusu usafiri katika Ziwa Viktoria, na mwaka 2007 Bunge la Afrika Mashariki likapitisha Sheria ya Usafiri wa Ziwa Viktoria. Lengo kuu la hatua hizo lilikuwa usalama: uthabiti wa vyombo, sifa za mabaharia na leseni. Kumbukumbu ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya abiria, ilikuwa ingali mbichi.

Nchini Uganda, baada ya ajali ya mwaka 2005 Pamba na Kaawa nazo ziliondolewa katika huduma. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli za Kenya na Uganda ulikabidhiwa kwa kampuni binafsi ya Rift Valley Railways, ambayo mikataba yake ilikuja kuvunjwa muongo mmoja baadaye. Kipindi hicho kilizidisha ugumu wa swali la zamani. Mwenye mali sasa alikuwa shirika la umma, mwendeshaji alikuwa kampuni, na mtoa leseni alikuwa wizara. Uchukuzi wa ziwani kwa sehemu kubwa uliangukia kwa vyombo vidogo vya watu binafsi. Mwaka 2018 kivuko Umoja cha Tanzania kilirudi Port Bell na mabehewa yakaanza tena kuvuka kutoka Mwanza. Mwaka huo huo, tarehe 24 Novemba, MV Templar ilipinduka karibu na mwambao wa Mukono ikiwa na watu waliokwenda starehe, na zaidi ya thelathini wakafa. Maofisa wa serikali walieleza kwamba chombo hicho hakikuwa na leseni.

Templar na Kabalega ni ajali za namna mbili tofauti, moja ya watu na nyingine ya shehena, lakini kasoro iliyofichuliwa ni moja. Katika ajali zote mbili swali “nani alikikagua chombo hiki?” lilirudi kwenye sheria zilizotungwa kwa ajili ya dola yenye meli zake. Mwaka 2021 Bunge lilitunga Sheria ya Usafiri wa Majini ya Ndani, iliyozifuta sheria tatu za kikoloni na kukusanya usajili, leseni na usalama wa vyombo mahali pamoja. Ilikuwa imepita miaka kumi na sita tangu Kabalega izame.

Sheria hiyo ni hatua kubwa, ila mipaka yake ni mipaka ya nchi. Shehena ya Kampala huvuka maji ya mataifa matatu. Kivuko cha Tanzania kikigongana na mashua ya Uganda katika maji ya Kenya, kila nchi itakuwa na sheria mpya kiasi: Tanzania Bara ya mwaka 2003, Kenya ya mwaka 2009, Uganda ya mwaka 2021. Upya wa sheria tatu hauzifanyi kuwa sheria moja. Mwaka 1965 mwenye gunia aliulizia reli moja. Mjukuu wake anaulizia mamlaka tatu, na huenda kila moja ikamjibu kwa usahihi kwamba jambo lake liko kwa mwingine.

7. Hitimisho

Historia hii inatoa mafunzo mawili kwa mjadala wa kurekebisha sheria za majini katika Afrika Mashariki. La kwanza ni kwamba neno “kuukuu” linahitaji kutumiwa kwa uangalifu. Hukumu ya mwaka 1883 ilikuwa na jibu la haki kwa ajali ya mwaka 2005, ilhali mkataba wa kisasa uliokubaliwa mwaka 1979 haukuufikia ukumbi wa mahakama ya Kampala. Umri wa sheria unasema machache kuliko swali la kama kuna anayeweza kuitumia.

La pili ni kwamba dhima haitenganishwi na ushahidi, bima na mahali pa kudai. Sheria ikimpa mwenye shehena haki ya fidia na kumwachia mdaiwa daftari la safari, haki hiyo ni ya maneno. Mageuzi yanayolifaa ziwa yangeanzia hapo: uchunguzi wa ajali usio chini ya mwenye meli wala mtoa leseni, bima ya dhima iwe sharti la leseni, kikomo kimoja cha fidia katika bandari zote za ziwa, na ruhusa ya kushtaki mahali shehena inapofikishwa, Kampala ikiwa miongoni mwake. Mambo hayo manne yanawezekana kwa sheria ya Jumuiya, kwa kuwa Bunge la Afrika Mashariki lilikwisha kuonyesha mwaka 2007 kwamba ziwa laweza kutungiwa sheria kama maji mamoja.

Kabalega ilizama pamoja na chakula kilichokusudiwa kwa watu wenye njaa. Wapokeaji hao hawakuwa na hati ya shehena wala wakili Nakasero, na katika hesabu ya dhima hawakuwa na jina. Sheria ya uchukuzi huandikwa kwa lugha ya tani, vifurushi na vikomo, lakini mwisho wa kila njia ya shehena kuna mtu anayeingoja.